Mwenyeji Asiyeugua

Desemba 1998 wagonjwa wa malale walianza kujitokeza wilayani Soroti, eneo la Teso, mashariki mwa Uganda, mahali ambapo ugonjwa huo haukuwa umezoeleka. Mbung'o walikuwepo kandokando ya vijito na vinamasi tangu zamani. Kilichokosekana ni kimelea chenyewe. Watafiti walipoweka makazi ya wagonjwa kwenye ramani, waliona yamelizunguka soko la ng'ombe la Brookes Corner: kadiri watu walivyoishi karibu na soko hilo, ndivyo hatari yao ilivyozidi. Teso wakati huo ilikuwa ikijaza upya mazizi yaliyobaki matupu baada ya miaka ya vita na wizi wa mifugo, na baadhi ya ng'ombe walionunuliwa walitoka kusini mashariki, kwenye maeneo ya malale. Hakuna aliyewashuku, kwa sababu walikula vizuri na kukamuliwa kama kawaida.

Tukio hilo linabeba karibu kila jambo ambalo mfugaji, mganga na mpanga bajeti wa Uganda anapaswa kulielewa kuhusu vimelea. Fedha, dawa na macho yetu humfuata anayeugua. Kimelea huendelezwa na asiyeugua.

Tuanze na kimelea cha Soroti, Trypanosoma brucei rhodesiense. Damu ya binadamu ina protini iitwayo APOL1 ambayo huua tripanosoma wengi wa mifugo, na ndiyo sababu nagana ya kawaida, yaani malale ya mifugo, humdhoofisha ng'ombe bila kumgusa mchungaji wake. Rhodesiense wana jeni moja ya ziada, SRA, inayotengeneza protini ya kuinasa APOL1 kabla haijafanya kazi. Kwa hiyo wanaweza kuishi ndani yetu. Ila hawatuhitaji. Ng'ombe wa asili anaweza kuwabeba kwa miezi akionekana mzima, na mbawala porini vivyo hivyo. Mbung'o humnyonya huyo, akaja kumnyonya mtu, na mtu asipotibiwa hufa ndani ya miezi michache.

Wapo wanaofundisha kwamba kimelea kikikaa na mwenyeji, yaani kiumbe kinachokibeba, muda mrefu lazima kigeuke mpole. Si kanuni. Upole hutokea pale ambapo uhai wa mwenyeji ndio njia ya kimelea kusafiri. Binadamu kwa rhodesiense ni njia isiyoendelea mbali, hivyo kumuua hakukigharimu kimelea chochote. Hapo ndipo pa kuanzia kila tunapoona mgonjwa mahututi wa ugonjwa wa vimelea: tuulize kama ni yeye anayeuendeleza ugonjwa, au umempata tu ulipokuwa ukipita.

Uganda inatoa kipimo kizuri cha hoja hii, maana aina zote mbili za malale ya binadamu zipo hapa. West Nile, kaskazini magharibi, kuna gambiense, ambayo mwenyeji wake mkuu ni binadamu mwenyewe, na ambayo huweza kukaa mwilini miezi au hata miaka kabla ya kumlaza mtu. Huko kazi ilikuwa kuwapima watu waliojiona wazima, kijiji kwa kijiji, kuwatibu waliokutwa nacho, na kusimika kando ya mito mitego midogo ya kitambaa cha buluu na wavu wenye dawa. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Uganda imeiondoa aina hiyo kama tatizo la afya ya jamii. Kwa rhodesiense, upande wa kusini mashariki na katikati ya nchi, huwezi kufika popote kwa kupima watu peke yao. Mwenyeji wake yuko zizini.

Dawa ya zizini ipo na si ghali. Diminazini hutolewa kwa miligramu 3.5 kwa kila kilo ya uzito, yaani mililita 10 za mchanganyiko wa asilimia 7 kwa ng'ombe wa kilo 200, ndani ya msuli. Agizo lilitolewa kwamba ng'ombe wanaotoka maeneo ya malale wadungwe kabla ya kuuzwa, lakini ugonjwa uliendelea kusogea kaskazini hadi Kaberamaido na Dokolo. Agizo la namna hii hukwama kwa urahisi. Muuzaji hapati faida yoyote kwa kumtibu ng'ombe anayeonekana mzima na anayemtoka mkononi siku hiyo hiyo. Uzito hukadiriwa kwa macho, na makadirio hupungua bei ya dawa inapopanda. Tena diminazini husafisha damu bila kuacha kinga ya muda mrefu, hivyo ng'ombe aliyetibiwa Jumatatu na kung'atwa na mbung'o mwenye kimelea wiki ya pili amerudi alikokuwa. Sindano inahitaji mwenzake, nayo ni dawa ya pirethroidi, kama deltamethrini, ya kunyunyizia miguu na tumbo, mahali ambapo mbung'o hupendelea kutua. Ukinyunyizia sehemu hizo tu unaokoa dawa nyingi. Lakini umeyaacha masikio, na masikio yana mwenyewe.

Kupe kahawia wa masikio, Rhipicephalus appendiculatus, hula mara tatu tu maishani. Akiwa mchanga mwenye miguu sita humpanda mnyama, hunyonya, huanguka na kujivua ngozi majanini. Akirudi ana miguu minane lakini bado hajakomaa. Hunyonya tena, huanguka tena. Mara ya tatu ni mkubwa, na jike likishiba hushuka, hutaga mayai elfu kadhaa ardhini na kufa. Kimelea cha ndigana kali, Theileria parva, hakipiti kwenye mayai hayo. Kila kupe huanguliwa akiwa safi. Ili aambukize, lazima kwenye mlo uliotangulia awe amemnyonya mnyama mwenye kimelea, na hata akiwa nacho, kimelea huhitaji takriban siku tatu za kunyonya kabla ya kukomaa katika tezi za mate za kupe na kuanza kuingia kwa ng'ombe.

Mfugaji akiyashika hayo mawili, mambo mengi yanafunguka. La kwanza ni kwamba kupe aliyepandia asubuhi na kuondolewa kesho yake hajafanya kitu. Ratiba ya kuogesha ng'ombe kwa dawa ya kupe mara mbili kwa wiki panapokuwa na hatari kubwa ilijengwa juu ya hesabu hiyo. La pili ni zito zaidi: ugonjwa hauwezi kuwepo bila mnyama mzima anayebeba kimelea. Mnyama huyo kwanza ni nyati, ambaye Theileria parva hamfanyi kitu cha maana, na kandokando ya Hifadhi ya Ziwa Mburo nyati na ng'ombe hugusana malishoni. Pili ni ng'ombe aliyewahi kuugua akapona. Anaendelea na kimelea mwilini, na kupe wachanga wanaendelea kukichota kwake.

Ndani ya ng'ombe asiye na kinga kinachotokea ni cha kutisha, na nadhani hakuna kimelea kingine kilichoimudu seli ya mnyama kiasi hiki. Theileria huingia kwenye seli nyeupe ya damu na kuifanya igawanyike mfululizo kama ya saratani. Wakati wa kugawanyika, kimelea hujishikiza kwenye nyuzi zilezile zinazovuta kromosomu, kikagawanywa pamoja nazo, kila seli mpya ikiondoka na sehemu yake. Ukikiua kimelea kwa dawa, seli huacha tabia hiyo. Mfugaji huona tezi ya chini ya sikio imevimba, kisha ile ya mbele ya bega. Homa hupita nyuzi 40. Ng'ombe huacha kucheua, hukohoa, na mwishoni mapafu hujaa majimaji na povu hutoka puani. Buparvakwoni, mililita 1 kwa kila kilo 20 kwenye msuli wa shingo, hufanya kazi vizuri siku ambazo bado ni tezi na homa. Povu likishaonekana, mara nyingi fedha ya dawa imepotea na ng'ombe naye.

Ng'ombe wa Ankole na zebu walioishi na kupe hawa vizazi kwa vizazi wana mapatano yao. Ndama hung'atwa mapema, wengi huugua kidogo, hupona na kubaki na kinga. Wapo wanaokufa, na Waganda waliijua ndigana ya ndama kwa jina la amakebe kabla David Bruce na wenzake hawajaichunguza mwanzoni mwa karne iliyopita. Lakini kundi lenyewe husimama. Mapatano hayo huvunjwa na mambo mawili. La kwanza ni kuingiza damu ya Friesian, yenye maziwa mengi na isiyo na uzoefu wowote na Theileria. La pili halisemwi sana: kuogesha kwa ukali kwa miaka kadhaa, kisha kuacha ghafla kwa sababu fedha zimekwisha au dawa imeacha kuua. Ndama waliokua bila kung'atwa hukutana na kupe wengi kwa mara ya kwanza wakiwa wakubwa, na kundi zima huanguka msimu mmoja. Kwa hiyo simshauri mwenye zebu wa malisho huria aige ratiba ya mwenye Friesian wa banda la jirani. Anachohitaji ni kupunguza kupe. Kuwamaliza kabisa kunaweza kumgharimu kinga ya kundi lake.

Kwa mwenye Friesian, njia ya uhakika zaidi niijuayo ni chanjo ya kuambukiza na kutibu iliyotokana na kazi ya Muguga, Kenya: mnyama hudungwa kimelea hai cha mchanganyiko wa aina tatu, na papo hapo oksitetrasaiklini ya muda mrefu. Dozi moja hutosha maisha, kwa aina zinazofanana na zilizomo. Huhifadhiwa kwenye naitrojeni ya maji, hivyo mnyororo wa baridi ukikatika njiani kinachodungwa ni maji tu. Aina zitokazo kwa nyati huweza kuipenya kinga hiyo, na wa jirani na Mburo walijue hilo kabla ya kutupa pampu ya dawa ya kupe. Aliyechanjwa pia anaweza kubaki mbebaji, na bado kupe huleta ndigana baridi na maji moyo, ambayo chanjo hii haiyagusi.

Tukirudi kwenye pampu, ndipo makosa yanapojaa. Amitrazi ya asilimia 12.5 huchanganywa mililita 2 kwa lita moja ya maji. Pampu ya mgongoni ya lita 20 inahitaji mililita 40. Ng'ombe mzima anahitaji angalau lita 4 hadi 5 ili alowe mpaka dawa idondoke tumboni. Pampu moja basi ni ya ng'ombe wanne au watano. Kwenye mazizi mengi pampu hiyo hiyo huwapita kumi na zaidi, mgongo na mbavu zikang'aa huku ndani ya sikio, chini ya mkia, kwenye kiwele, makwapani na kati ya kwato pakibaki pakavu. Mwingine huchanganya leo akatumia mabaki baada ya siku nne. Amitrazi ikishawekwa kwenye maji huvunjika, hasa yakiwa machafu, na anachonyunyizia siku ya nne hakijulikani nguvu yake. Kupe anayepata dozi nusu hafi. Anayesalia ni yule mwenye uwezo kidogo wa kuivumilia, naye ndiye anayetaga.

Mwaka 2016 watafiti wa Makerere walichapisha ushahidi wa kupe wa Uganda waliokuwa sugu kwa zaidi ya kundi moja la dawa kwa wakati mmoja. Kupe wa buluu, Rhipicephalus decoloratus, hupata usugu upesi zaidi kwa sababu humaliza hatua zake tatu juu ya ng'ombe mmoja, kwa wiki tatu hivi, akiogeshwa kila mara. Kupe kahawia hutumia sehemu kubwa ya maisha yake majanini, ambako dawa haimfikii, hivyo humchukua muda mrefu zaidi. Dawa ikigoma, mfugaji hubadilisha chupa. Mara nyingi amebadilisha jina la biashara na kununua kemikali ileile, au ameanza kuchanganya mbili kwa kipimo chake mwenyewe, au amehamia kwenye dawa za mimea ya shambani zisizoruhusiwa kwa mifugo, ambazo hubaki kwenye maziwa. Cha kusoma kwenye lebo ni kiambato: amitrazi ni kundi moja, sipermethrini na deltamethrini ni kundi jingine, klorofenvinfosi ni la tatu. Kabla ya kuhama kundi, kamata kupe majike walioshiba, waweke kwenye chupa yenye matundu ya hewa, wapelekwe maabara wapimwe. Anayehama bila kupima anakisia, na kila kisio huondoa kundi moja kwenye makundi machache tuliyobaki nayo.

Kwa tegu wa nguruwe, Taenia solium, asiyeugua ni sisi. Mtu anaweza kukaa miaka na tegu wa mita kadhaa utumboni akihisi karibu hakuna. Hutoa vipande vyenye maelfu ya mayai kwenye kinyesi. Nguruwe anayezurura hula kinyesi hicho, mayai huanguliwa na kutua kwenye misuli kama vifuko vyeupe vidogo. Anayekula nyama hiyo bila kuiva hupata tegu. Mzunguko huo, peke yake, ungekuwa usumbufu tu. Msiba huja yai linaporuka nguruwe na kwenda mdomoni mwa mtu moja kwa moja, kupitia mikono isiyonawiwa ya mpishi mwenye tegu au kachumbari iliyooshwa kwa maji machafu. Hapo kifuko hukaa kwenye ubongo na kuleta kifafa. Mtu asiyewahi kuonja nguruwe maishani anaweza kupata kifafa hicho, na kwa kimelea yeye ni njia isiyopita: hakuna atakayemla.

Nchini mwetu, ambako mabanda ya nyama ya nguruwe ya kuchoma yamejaa kila mji, tunawaambia walaji waivishe nyama na tunaishia hapo. Nyama iive, ndiyo. Ila mkaguzi anayetupa mzoga wenye vifuko bila fidia yoyote humfundisha mwenye nguruwe kuchinja gizani. Wafanyabiashara hukagua ulimi wa nguruwe aliye hai kwa vidole; wakikuta uvimbe humkataa, na nguruwe huyo huliwa kijijini, kwa bei ya chini, na watu walewale watakaomwambukiza nguruwe wa mwaka kesho. Oksifendazoli, miligramu 30 kwa kilo, dozi moja ya mdomo, huua vifuko vya kwenye misuli. Nguruwe asichinjwe kwa wiki tatu hivi mpaka dawa itoke mwilini, na vifuko vilivyokufa huchukua miezi miwili au mitatu kufifia. Anayempa dawa wiki moja kabla ya Krismasi amechelewa.

Jambo moja la tahadhari linapuuzwa. Prazikwanteli tunayogawa kwa wingi kwa ajili ya kichocho huua tegu pia, na kwa mtu mwenye vifuko kwenye ubongo inaweza kuchochea uvimbe na degedege. Palipo na nguruwe wanaozurura na kichocho pamoja, mgawaji aulize kuhusu kifafa na maumivu makali ya kichwa kabla ya kumkabidhi mtu vidonge.

Kichocho chenyewe kina mwenyeji ambaye hakuna vidonge vitakavyomfikia. Konokono wa Biomphalaria anayeingiwa na kimelea kimoja kwenye ufukwe wa Ziwa Albert hukoma karibu kabisa kuzaa, lakini huendelea kuishi, na nguvu ambayo angeitumia kutaga hutoa maelfu ya sekaria, yaani vimelea vichanga vinavyoogelea na kumwingia mtu kupitia ngozi, wengi wao saa za jua. Mvuvi wa Butiaba aliyemeza dawa asubuhi na kuingia majini mchana yuko njiani kuambukizwa upya. Zaidi ya hapo, dawa haiui vizuri minyoo michanga iliyoingia wiki chache zilizopita. Kugawa dawa tangu 2003 kumepunguza maini na wengu zilizoharibika, na hilo ni jema lisilopingika. Ufukweni kwenyewe kinachohitajika ni choo na maji ya kuogea yaliyokaa kwenye tangi siku mbili bila konokono, kwa kuwa sekaria hawaishi muda huo.

Mimea nayo haijasalimika. Kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya nafaka na ambalo wengine hukiita gugu chawi, hukaa udongoni kama mbegu kwa miaka zaidi ya kumi, na mmea mmoja hutoa makumi ya maelfu. Mbegu huamka ikinusa strigolaktoni, kemikali ambayo mzizi wa mtama au mahindi huitoa kuwaita kuvu wa kuusaidia kupata fosforasi. Udongo ukiwa maskini wa fosforasi, mzizi huita kwa nguvu zaidi, na mwizi husikia. Ndiyo maana shamba lililochoka la Tororo au Busia huzidiwa, na ndiyo maana samadi na mbolea ya fosforasi ni sehemu ya tiba. Maua ya zambarau yanapotokea, hasara kubwa imekwisha kufanyika chini ya ardhi. Kung'oa wakati huo, kabla ya mbegu, huokoa mavuno ya miaka ijayo zaidi ya mwaka huu. Desmodiumu ikipandwa kati ya mistari huziamsha mbegu na kuzinyima mzizi wa kushika, zikafa. Hapa asiyeugua ni udongo wenyewe, na mkulima hupima shamba kwa mimea anayoiona.

Kitaasisi, Uganda ina mfano mmoja wa kuigwa. Baraza la kudhibiti malale na ofisi yake ya uratibu, COCTU, lililoanzishwa kisheria mwaka 1992, liliziweka afya ya binadamu na afya ya mifugo kwenye meza moja, kwa sababu malale yalilazimisha. Tegu na kifafa bado vimegawanywa: mgonjwa ana daftari lake kituo cha afya, nguruwe ana lake kwa daktari wa mifugo kama analo kabisa, na hakuna anayeyalinganisha. Gharama ya kuyalinganisha ni ndogo. Kituo kinapoandikisha mtu mzima aliyeanza kuanguka kifafa akiwa amepita miaka 20, parishi yake ifikishwe kwa daktari wa mifugo wa kaunti ndogo wiki hiyo hiyo, nguruwe wa kijiji hicho wakaguliwe ulimi na wapewe oksifendazoli kwa gharama ya wilaya, na kaya zilizo jirani zipimwe kinyesi, wakiwemo wasio na malalamiko yoyote.